Mwendo Ukifa, Toka

Chukua mbio za mita 100 mtindo huru katika bwawa la mita 25, bwawa la aina tuliyoizoea huku kwetu. Mwogeleaji anaruka mara moja na kugeuka mara tatu. Kila anapoanza na kila anapoachana na ukuta, sheria inamruhusu kukaa chini ya maji mpaka mita 15. Alama hiyo ikifika, kichwa kiwe kimeshatokeza. Mara nne kwa 15 ni 60. Yaani mtu anaweza kumaliza mbio zake na zaidi ya nusu ya safari asiwe amevuta maji kwa mkono hata mara moja. Kwenye mita 200 hesabu inafika mita 120. Sasa niambie kwa nini Jumamosi asubuhi, ukipita mabwawani hapa Moshi, unakuta makocha wenzangu wamekazana na mikono saa nzima, kiwiko kiinuke, kiganja kiingie hivi, halafu dakika tano za mwisho, watoto wako hoi, ndipo wanasema: haya, tumalizie na pomboo kidogo.

Kwa wasiojua, teke la pomboo ni miguu yote miwili kupiga pamoja, mikono imenyooshwa mbele ya kichwa, mwili mzima ukienda kwa wimbi kutoka kifuani mpaka vidoleni. Limeitwa hivyo kwa sababu mkia wa pomboo hupiga juu na chini, tofauti na wa samaki unaopiga kushoto na kulia. Linatumika kwenye mtindo huru, mgongo na kipepeo. Mtindo wa chura umeruhusiwa teke moja tu baada ya kuruka au kugeuka, na hilo moja nalo lina ugomvi wake ambao leo siutaki.

Ninachokitaka ni hiki, na najua kuna watakaokipinga: watoto wengi wa huku hawapotezi muda kwa kutoka juu mapema. Wanaupoteza kwa kung'ang'ania chini baada ya mwendo kufa.

Nianze na aliyetuletea mambo haya kwenye macho ya dunia. Seoul, mwaka 1988, mita 100 mgongo. David Berkoff, Mmarekani aliyekuwa akisoma Harvard, alijisukuma kutoka ukutani akapotea. Wenzake wakipiga mikono juu, yeye alikuwa chini kwa karibu mita 35, kwenye bwawa la mita 50. Katika mchujo akaweka rekodi ya dunia, sekunde 54.51. Fainali ikamponyoka: Daichi Suzuki wa Japani, ambaye naye alikuwa mtu wa chini ya maji vilevile, aligusa kwa 55.05, Berkoff 55.18. Wakubwa wa mchezo wakaona hapana, hii si kuogelea tena. Wakaweka kikomo cha mita 10 kwa mgongo, baadaye wakakisogeza mpaka 15. Kipepeo kikabaki wazi, na Mrusi Denis Pankratov akapenya hapohapo mpaka kwenye dhahabu ya Atlanta 1996. Mwaka 1998 na huko nako kukafungwa. Mimi huwa nasema hivi: kitu kikitungiwa sheria ya kukizuia, na si mara moja, ujue kinafanya kazi.

Kinafanyaje kazi? Ukiogelea juu unatengeneza mawimbi, na mawimbi hayapatikani bure, nguvu yake inatoka kwenye misuli yako. Ukishuka nusu mita hadi mita moja, sehemu kubwa ya gharama hiyo inaondoka. Halafu kuna ukuta wenyewe. Mtu akiruka vizuri, au akisukuma ukuta kwa miguu yote miwili, hapo ndipo anapokwenda kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mbio zake. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kumpa kasi ile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya teke la pomboo si kuzalisha mwendo. Ni kuuchelewesha ule uliopewa na ukuta usife haraka. Ukilielewa hilo, mambo mengine yote kwenye makala hii unaweza kuyabuni mwenyewe.

Wanaojua kuuchelewesha kweli ni wachache. Michael Phelps aliishi kwa hilo: Melbourne 2007, aliposhusha rekodi ya mita 200 mtindo huru mpaka dakika 1:43.86, alikwenda kwa pomboo chini ya maji hata kwenye ukuta wa mwisho, mahali ambapo wengi hukimbilia juu kutafuta hewa. Kocha wake, Bob Bowman, baadaye akamnoa Mfaransa Léon Marchand, na Fukuoka 2023 Marchand akaifuta rekodi ya Phelps ya mita 400 mitindo mchanganyiko, iliyokaa tangu Beijing 2008: kutoka 4:03.84 mpaka 4:02.50. Mwaka uliofuata, Paris, fainali ya mita 200 kipepeo, Kristóf Milák wa Hungaria alifika ukuta wa mwisho akiwa mbele. Tafuta video ile uangalie kinachotokea kuanzia hapo. Usiangalie mikono ya Marchand, angalia anapotokeza.

Na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mtoto wa Majengo anaitazama video hiyo kwenye simu ya dada yake, anairudia mpaka bando linakata, na Jumamosi anakuja bwawani na amri moja kichwani: mita 15.

Ninaye binti mmoja wa darasa la sita, mrefu wa miguu, mkaidi kwa namna ninayoipenda. Anasukuma ukuta, mwili umenyooka kama tunavyofundishana, mkono juu ya mkono, masikio yamebanwa na mabega. Mateke matatu ya kwanza safi kabisa, ungesema ni mtu mzima. La nne, magoti yanaanza kuvutwa tumboni. La sita, mikono imeachana na kidevu kimeinuka kutafuta njia. La nane anapanda na kushuka palepale, mapovu yamemzingira, na mwenzake wa njia ya pili, aliyetoka mapema na anayeogelea bila presha yoyote, anampita. Anatokeza penye alama ya 15 akihema kama nini, anageuka kunitafuta kwa macho.

"Nimefika, mwalimu!"

Kufika, amefika.

Ubishi wa namna hii hauishi kwa maneno, kwa hiyo nimefunga vitambaa vyekundu kwenye kamba ya njia: mita 5, mita 10, mita 15. Ni mabaki ya nguo kwa fundi cherehani wa Kiboriloni, hayagharimu chochote. Napima muda wa kichwa kupita kati ya kitambaa cha kwanza na cha pili. Kwanza akiwa chini anapiga pomboo, kisha akiwa juu anaogelea kwa kasi ya mashindano. Tuseme mtoto anaogelea mita 25 kwa sekunde 20. Huko juu mita 5 zinamchukua sekunde 4. Chini akizipita kwa 4 au pungufu, abaki, chini panamlipa. Akizipita kwa 5, kila mita anayoongeza inamla sehemu mbili za kumi za sekunde. Mita sita za ushujaa zinamla sekunde 1.2. Zidisha kwa mara nne za mbio za mita 100 uone: karibu sekunde 5 zimekwenda na maji, na mtoto anaamini ameogelea kama Marchand. Suzuki alimshinda Berkoff kwa sekunde 0.13.

Kidole kwenye saa ya kupimia kina uongo wake, hasa kwa umbali mfupi hivi. Simu ni bora. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde, ukiipeleka picha moja moja, unahesabu picha kati ya kitambaa na kitambaa na ubishi unakwisha. Ukiwa na ule mfuko wa plastiki usioingiza maji, ambao wamachinga wanauza kwa ajili ya watalii, mpe mzazi mmoja aishike simu chini ya maji pembeni. Mtoto akijiona magoti yanavyokuja tumboni, huna haja ya kupaza sauti.

Kwa binti yule tulikubaliana mateke manne, halafu anatoka. Hakufurahi.

"Mwalimu, kwani Marchand anatoka na manne?"

"Siku ukienda kama Marchand, mwanangu, utakaa kama Marchand."

Teke la tano analipata pale muda wa kitambaa cha kwanza hadi cha pili ukishuka, siyo kabla. Na ukuta wa tatu si ukuta wa kwanza. Mtu mwenye matano mazuri mwanzoni mwa mbio anaweza kuwa na matatu tu mwishoni, na hakuna aibu. Waogeleaji wa Dar wakipanda kuja Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huwa wanasingizia hewa kwa kila kitu, mpaka kwa miwani iliyovuja. Lakini kwenye hili la pumzi ya ukuta wa mwisho nawaamini, oksijeni ya kule ni pungufu kweli kuliko ya Masaki.

Sasa, kwa nini mwendo unakufa mapema hivyo? Wengi husema pumzi. Pumzi ina sehemu yake, ila nikitazama video hizi naona kitu kingine: nusu ya teke haipo. Mtoto anajua kupiga kwenda chini kwa sababu ndiko anakosikia kazi; paja la mbele linakaza, maji yanagonga miguu, anaridhika. Kurudi juu anaiachia miguu ijirudie yenyewe kwa kukunja magoti. Hapo anafanya mawili kwa pamoja, hasukumi kitu, na miguu yake inasimama kwenye maji kuzuia mwendo. Pomboo mwenyewe hana safari ya bure, mkia unafanya kazi ukishuka na unafanya kazi ukipanda. Kwa binadamu, safari ya kupanda inabebwa na makalio, nyuma ya mapaja na kiuno, misuli ambayo watoto wanaokaa darasani kutwa nzima hata hawaijui iko wapi.

Kuna zoezi moja ambalo halidanganyi. Mpeleke kwenye kina kirefu, asimame wima ndani ya maji, kichwa nje, mikono imekunjwa kifuani, apige pomboo akiwa hapohapo. Usimwambie unatafuta nini. Anayepiga upande mmoja tu huanza kurudi nyuma taratibu bila kujijua, mpaka mgongo unagusa kamba, anashtuka na kugeuka kuangalia nani kamsukuma. Anayepiga pande zote mbili anabaki mahali pake. Nimewaona vijana wakubwa, wenye vifua vya mazoezi ya gimu, wakirudishwa nyuma na zoezi hili huku kitoto cha miaka tisa kimesimama palepale kinawatazama. Wakishamudu, mikono inatoka kifuani inanyooshwa juu, na hapo hata wababe wanaomba poo.

La pili ni kupiga ukiwa chali chini ya maji, kama wa mgongo wanavyofanya. Mtoto anaona miguu yake mwenyewe na uso wa maji kwa juu, na anajifunza kusukuma kila upande. Shida ni pua kujaa maji. Awe anaguna kwa puani njia nzima, mlio mdogo usiokatika, maji hayaingii. Wanapenda sana kwa sababu kila mmoja anaguna wimbo wake.

Wimbi lenyewe lianze kifuani, dogo, likue likielekea chini. Fikiria mtu anayekung'uta mkeka: mikono inasogea kidogo tu, ncha ya pili ndiyo inayoruka. Wanaoanza hufanya kinyume, mikono na kichwa vinacheza ngoma, miguu inafuata imechoka. Mikono itulie. Ikicheza, unafungua maji mbele yako kwa upana usiouhitaji. Miguu nayo isifunguke mno. Teke kubwa linaonekana la nguvu kwa aliyekaa ukingoni, ila linamgeuza mpigaji kuwa breki ya mwili wake. Dogo, la haraka, la pande zote mbili. Nikilazimika kuchagua kati ya teke pana na teke la haraka kwa mtoto wa umri huu, nachagua haraka.

Vifundo vya miguu: wacheza mpira huja na vifundo vigumu, vidole havinyooki, na mguu usionyooka unasukuma maji kwenda chini badala ya nyuma. Wakae juu ya visigino wakati nazungumza nao, dakika moja, wapumzike, warudie. Asilazimishwe mtu. Mwezi wa saba maji yakiwa ya baridi, mguu ulionyooshwa sana unabanwa na misuli kwenye shavu la mguu, na mtoto akibanwa mara mbili anaanza kulichukia bwawa.

Kuhusu mabwawa yenyewe, tusidanganyane. Mengi tunayoazima ni ya hoteli, yamejengwa kwa mgeni aliyeshuka Kilimanjaro na anataka kuloweka magoti. Lingine lina umbo la figo. Lingine lina upande ambao maji yanamfika mtoto kiunoni, na ukipiga pomboo kwa kina kinachotakiwa unakwaruza vigae kwa vidole. Pale mimi nawafundisha kupiga wakiwa wamelala ubavu. Si ubunifu wangu. Misty Hyman wa Marekani, aliyeshinda dhahabu ya mita 200 kipepeo Sydney 2000 mbele ya Susie O'Neill, Mwaustralia aliyekuwa nyumbani kwao na aliyetarajiwa kushinda, alijulikana kwa kupiga ubavu. Ukilala ubavu, teke linakwenda kushoto na kulia, na mizunguko ya maji inayoachwa na miguu haigongi sakafu wala uso wa maji. Katika bwawa la kina kifupi hilo ni jambo la maana. Mwisho wa njia anajirudisha kifudifudi kabla ya kutoka.

Hapa naomba wazazi mniangalie vizuri. Mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni, mtu asiyekosa Jumamosi hata moja, aliniuliza swali ambalo nimelifanya kuwa kanuni ya bwawa letu.

"Kocha, akiwa huko chini, nitajuaje kama anafanya mazoezi au anazama?"

"Mama, anayefanya mazoezi anasogea. Akitulia, usiniite. Ruka."

Hatari ya mchezo huu haiko kwenye teke, iko kwenye pumzi. Kinachokufanya utamani kuvuta hewa ni gesi ya kaboni kujaa mwilini, siyo oksijeni kupungua. Mtu akivuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, anaifukuza ile gesi, lakini oksijeni haiongezeki cha maana. Anakwenda chini anajiona fundi, hana hamu ya kupumua, na oksijeni inakwisha kabla kengele haijalia. Anazimia kimyakimya, bila kupapatika. Haimchagui mgeni wa maji. Waogeleaji hodari wamekufa hivi. Kwa hiyo kwetu hakuna kuhemahema kabla ya kuondoka ukutani, ni pumzi moja ya kawaida. Hakuna kushindana nani atakaa zaidi. Hakuna kupiga pomboo peke yako, hata kama bwawa ni la mjomba wako. Na kule kwenye chemchemi ya Chemka, ambako maji ni maangavu mpaka unaona mizizi chini na vijana hawawezi kupaona bila kuwekeana dau la kuzama, watoto wangu wanajua msimamo wangu.

Kuna kocha wa Arusha, rafiki yangu na mbishi mwenzangu, ambaye anaona haya yote ni kuwafundisha watoto uvivu. Hoja yake ni kwamba mtoto asiyezoea mita 15 akiwa na miaka kumi na moja hatazipata akiwa na kumi na nane, na kwamba vitambaa vyangu vinapima mtoto alivyo, si atakavyokuwa. Ana hoja, na nimeichukua nusu. Mazoezini nawavalisha mapezi mafupi ya miguuni na kuwaacha waende mbali, kwa sababu mapezi yanaushikilia mwendo na mwili unapata mdundo bila kujifunza ule upuuzi wa teke la nane. Lakini siku ya mashindano mapezi hayapo, na mtoto anatoka pale mwendo wake unapomwambia.

Ananikumbusha pia kwamba wanaoitwa kuliwakilisha taifa, kama Magdalena Moshi na Hilal Hilal kule Rio 2016, au Collins Saliboko na Sophia Latiff kule Paris 2024, wanakwenda kushindana kwenye bwawa la mita 50, ambako kuta ni chache na mita 100 zinakupa 30 tu za chini. Namjibu kwamba hiyo inanisaidia mimi: ukiwa na kuta mbili tu, huwezi kumudu kuuharibu hata mmoja. Anacheka, anasema nageuza kila kitu.

Tumekubaliana watoto wake wapimwe kwenye kamba zangu na wangu kwenye zake, video za simu, picha 30 kwa sekunde, bila kocha yeyote kushika saa. Kwa vile bwawa analotumia lina ule upande wa maji ya kiunoni, tumeshaanza kugombana waanzie upande upi.